Wale Kamba Wako na Chai ya Posa

Nakwa, Babati
17 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Romanus,

Tumsifu Yesu Kristo. Marahaba, maana najua umeniamkia. Hujambo wewe, na wifi yangu Clara, na mtoto Aniceti? Kifua chake kimepoa, au joto la Mtwara limekiongeza? Sisi huku tunapumua kwa neema ya Mungu. Mahindi yamekauka vizuri, wiki hii tunavuna.

Baada ya salamu nikuambie ukweli: wale kamba wako wadogo wa majini wamenichosha roho. Ulipohamishwa ukatuachia lile boksi la kioo lenye maji, nilidhani ni pambo. Kumbe ni wadudu wanaovua ngozi zao halafu wanazila. Mwenzao akifa wanamla pia, nami niko palepale na ugali wangu. Baba Vailet ndiye anawapenda. Anakaa mbele yao kama anasikiliza mahubiri.

Zile nyasi za majini ulizotuma kwa basi zilifika Ijumaa. Romanus, zinateleza kama makamasi ya ndama. Uliagiza tuuchemshe kwanza ule mti mkavu uliookota ziwani, mpaka uzame, ndipo tuzifunge nyasi juu yake kwa uzi hadi zishike zenyewe, watoto wa kamba wapate pa kujificha. Mikono ya Baba Vailet inatetemeka siku hizi, basi kazi ikawa yangu. Mti umetoka wanakojisaidia viboko, na sufuria iliyoutosha ni ile ya chai tu. Nikafunga kwa uzi mweusi wa cherehani, na kwa mazoea ya ushonaji nikaukata kwa meno. Nilitema mate mpaka koo likauma.

Sasa sikia. Jumamosi hiyohiyo walikuja wageni wa posa ya Vailet kutoka Sigino, upande wa mchumba wake Michael: mzee Konstantini, baba yake mkubwa, na mama Ursula, shangazi yake. Tuliwatazamia jioni, wakafika mchana. Nilipokuwa nabadilisha kitenge, jirani yetu Skolastika aliingia jikoni kunisaidia, akakuta maji mekundu ya moto kwenye sufuria. Akatia sukari na tangawizi, akapeleka sebuleni. Mzee akasifu. Mama Ursula akaongeza kikombe.

Kwa heshima yake akarudisha vyombo jikoni mwenyewe. Mezani akaona kipande cha mti kimezungushiwa uzi mweusi, kimeota nywele za kijani. Akauliza ni cha nini. Ndiyo kwanza naingia, nikajibu bila kufikiri kwamba tulikichemsha asubuhi kwenye sufuria ile, maji yake tu sijamwaga. Skolastika akaiangalia sufuria, akaniangalia mimi.

Mama Ursula akaweka kikombe chini taratibu. "Mama Vailet," akasema, "sisi tumekuja kuposa. Hatukuja kulishwa dawa."

Mimi, mwenyekiti wa jumuiya, leo nashukiwa uganga. Nilieleza habari za kamba, za nyasi, na zako, ikawa mbaya zaidi. Nani atamwamini mtu anayefunga nywele kwenye mti ili wadudu wafurahi? Nikawapeleka kwenye kioo waone wenyewe. Saa hiyo mmoja alikuwa ametoka kuvua ngozi, wenzake wanaitafuna. Mama Ursula alifunika mdomo kwa khanga.

Hakuna aliyeumwa, namshukuru Mungu. Lakini posa imesimama. Vailet hagusi chakula, wala hasemi na mimi. Jana mzee Konstantini ametuma neno: kwao mwenye kinywaji huonja kwanza, na sisi hatukuonja. Kwa hiyo mwenye mti aje, uchemshwe upya, anywe yeye kwanza mbele yao, ndipo watakaa tena kuzungumza. Wewe ndiye mjomba. Nimekubali kwa niaba yako.

Mti sijautupa. Nyasi nimezibandua kwa kijiko, na kijiko nimekitupa. Uzi nimeuchoma.

Msalimie wifi, umbusu Aniceti. Skolastika anakusalimu kwa aibu. Baba Vailet anasema kamba wawili wamebeba mayai tumboni. Mimi sitaki kuyaona. Mungu akulinde safarini, na alilinde tumbo lako.

Simu sikupiga kwa sababu Vailet, ingawa amenuna, hatoki karibu yangu, angesikia kila neno. Tafadhali nijibu upesi, useme unakuja siku gani.

Nikupendaye hata nikitema mate,
dada yako Marietha (Mama Vailet)