Ulitufundisha Kuitikia Tu

Bi Rukia,

Ningekuja kaburini nikayasema haya kwa mdomo, lakini sisi wanawake hatuendi makaburini, na hata tungekwenda nisingewapigia kelele wafu wenzako ambao hawakunikosea kitu. Kwa hivyo naandika. Herufi hizi wazijua nilikozitoa. Nilizipata nikiwa nimesimama nyuma ya binti yako Shamsa na upepeo mkononi, yeye akisoma huku akisinzia, mimi nikipepea huku nikisoma. Hukunifundisha wewe. Nataka hilo tuliweke sawa mapema, maana huku watu wakikusifu husema kila nilicho nacho nimekipata kwako.

Na wanakusifu, usione. Mtu akifa huwa mwema, hata aliyekuwa na ulimi kama wako. Matangani walilia wakasema Mombasa haitapata tena mtu wa kuongoza vugo, wa kusimama harusini na pembe ya nyati mkononi akaipiga kwa kijiti na nyumba nzima ikatikisika. Mimi nilikuwa nikipita na sinia la kahawa, nikasema moyoni: haitapata, kwani mwenyewe hakutaka ipate. Kisha nikalia. Nililia mpaka Shamsa akanitazama kama niliyemwibia kilio chake. Bado nakulilia, na bado nina hasira nawe, na haya mawili yanakaa nyumba moja kama wake wenza walionuniana.

Hebu tukumbushane ulivyokuwa ukifundisha. Kila alasiri wari walikuja kwako, mabinti wakubwa waliokwisha kuhitimu Kurani na kutiwa ndani wakingoja kuolewa. Waliketi kwa daraja. Mabinti wa masharifu kwenye mkeka mpya, wa wafanyabiashara nyuma yao, na mimi, mtoto wa mjakazi wako, kizingitini na pembe iliyopasuka. Ulitufundisha kupiga. Ulitufundisha kuitikia, na hapo sikunyimi haki yako, hakuna aliyejua kuitikia kama wari wako: pumzi moja, koo moja, hakuna anayetangulia wala anayechelewa. Lakini mwanzo ulikuwa wako peke yako. Kila harusi uliitungia beti zake papo hapo, ukisema mwanzo wa harusi iliyopita ni wali wa jana. Namna ya kuutunga hukumwonyesha mtu. Ulisema Shamsa ndiye atakayerithi. Shamsa! Sauti yake yakwaruza kama bawaba isiyotiwa mafuta, na kina hakisikii hata ukikitia sikioni mwake kwa kijiko. Nawe ulijua. Mama gani asiyejua?

Wakumbuka siku ile ulipochelewa juu? Wari walikwisha kupiga pembe, hakuna wa kuanza, nikaanza mimi. Ubeti mmoja tu, juu ya mchuzi wa papa niliouunguza asubuhi. Wenzangu wakaitikia huku wakicheka. Ukashuka ngazi, ukaninyang'anya kijiti, ukanichapa nacho vidoleni. "Faida, n'nani alokwambia uanze? Mtumwa huitika, haiti." Nami nikasema, "Labeka, Bibi." Waona? Hata hapo niliitika.

Usiku haujaingia uliniita jikoni, ukanipaka mafuta ya nazi vidoleni kwa mkono wako mwenyewe, kidole kimoja kimoja, bila ya kusema neno. Ukanikunjia na tambuu. Mpaka leo sijui kama ulikuwa ukiniomba radhi au ulikuwa ukiuponya mkono wa kukupigia pembe. Ungeniambia tu. Neno moja lingekugharimu nini?

Mengi yamegeuka tangu ulipotutoka. Serikali imesema hakuna tena mtumwa. Wengine wameondoka na vyungu vyao siku hiyo hiyo, wengine tumebaki pale pale, tukipika kwenye mafiga yale yale. Ile shiraa yako, hema la nguo ulilokuwa ukitembea ndani yake sisi tukikushikia miti, imekunjwa na kutiwa sandukuni, kwa kuwa haina wa kuishika. Siku hizi ni buibui, kila mtu na lake. Mimi pia ninalo. Nikipita mtaa wa Kuze hakuna ajuaye kama ndani mna binti wa mwungwana au binti wa mjakazi. Siku ya kwanza kulivaa nilikwenda kwa miguu mpaka Kizingo bila ya haja yoyote, nikawatazama Wazungu wakisukumwa kwenye toroli zao za reli, nikarudi. Ungeniona ungesonya.

Sasa sikiliza lililonifanya nishike kalamu. Mjukuu wako Salma ameolewa. Kabla ya harusi Shamsa alinijia chumbani kwangu, yeye ambaye tangu utotoni huniita kwa kupiga makofi, akaketi juu ya kitanda changu cha kamba. "Faida, nifundishie wari. Mamangu hakuacha mtu." Upande wa bwana harusi ni watu wa Kibokoni, na wanawake wao walikuwa wakija na pembe zao na mtungaji wao. Wajua mambo yalivyo. Wao huanza, nasi tuanze. Upande usioweza kuanza hutungiwa wimbo, na wimbo huo humfuata bibi harusi mpaka azae na wajukuu. Salma nimembeba mgongoni mimi. Sikutaka aingie nyumba ya watu na kicheko nyuma yake.

Na nilikuwa na nini mkononi? Wari chungu nzima wanaojua kuitikia kama malaika, na hakuna hata mmoja wa kuwapa cha kuitikia. Hiyo ndiyo amana uliyoniachia.

Nilikaa nikaipanga kazi upya, kinyume na yako kila mahali. Siku ya kwanza niliwanyang'anya pembe wote. Nikawaambia kila mmoja asimame uani amwite mama yake aliye kwake, kwa sauti, kama nyumba inaungua. Hawakuweza, Bi Rukia. Walicheka, wakajifunika nyuso, mmoja akalia. Wamelelewa sauti isipite pazia. Mmoja wao akitaka maji humtuma mtu akamwite mtu. Ndipo nilipokuona vizuri. Kumbe nao uliwafundisha labeka, leo kwa baba, kesho kwa mume. Mimi ulinichapa kijiti. Wao hukuwa na haja ya kuwachapa.

Basi tukaanza hapo hapo, kwenye kuita. Walipozoea, nikawapanga wawili wawili, kila wawili watunge mwanzo juu ya kitu cha jikoni na waje nao kesho yake. Wakaja na kinu, wakaja na kifuu, wakaja na paka wa jirani. Maimuna, binti wa muuza kahawa, ambaye kwako aliketi karibu na mimi kizingitini, alikuja na mbuzi ya kukunia:

Mbuzi wetu ana meno,
nazi hula na hashibi.

Wenzake wakaitikia kwa kiitikio chako wewe, kile cha heshima, "Twaitika, mwana wetu, twaitika tu wenzio," wakaanguka kwa kicheko. Niliwawekea sharti moja. Wenzako wakikosa kukuitikia, kosa ni lako uliyeita. Hukuita sawasawa, ita tena. Kwako ilikuwa anayekosa kuitikia ndiye mwenye kofi. Basi wakaita, wakakosewa, wakaita tena, mpaka Maimuna akawa akifungua kinywa wenzake washavuta pumzi.

Shamsa alisimama ngazini akasikia. "Mamangu hakufundisha hivi. Maimuna yuwaanza? Mwana wa muuza kahawa? Ntaanza mimi. Mimi ndiye mwana wa mwenyewe." Nilimweleza, nikamsihi. Akanipigia kofi la kuniita, nikiwa niko mbele yake. Nami, Mungu anisamehe, nikaitika, "Labeka."

Alasiri ya harusi watu wa Kibokoni walianza, na walianza vizuri, siwezi kusema uongo kwa maiti. Wakasema wamekuja kwenye nyumba kongwe kusikia sauti kongwe, je, wenyewe wapo? Zamu ikawa yetu. Shamsa akasimama na pembe yako. Mshororo wa kwanza ukatoka. Wa pili haukuja. Akaurudia wa kwanza. Akaurudia tena. Wari walikuwa wakipiga na kungoja, kupiga na kungoja, na mmoja wa Kibokoni akasema, kwa sauti ya kusikika, "Mwenye nyumba kapotewa na ufunguo." Wenzake wakaangua kicheko. Salma alikuwa chini ya ukaya, uso siuoni, naona mikono tu, hina mbichi, vidole vimeshikana. Maimuna akanitazama. Alikwisha kukatazwa, mtoto wa watu, angefanya nini?

Mimi nilikuwa kizingitini. Hakuna aliyeniweka hapo safari hii, ni mazoea. Nikasikia vidole vyangu vikiwaka moto, naapa, mahali pale pale. Nikaita.

Walokulea ni wengi,
wa ukumbi na wa jiko;
ukitaja jina langu,
nami nitaje la kwako.

Pembe zikanyamaza. Ukumbi mzima ukageuka kutazama kizingitini. Nilisema moyoni, haya Faida, umekwisha. Kisha sauti moja ikaitikia, peke yake, inakwaruza, nje ya kina. Shamsa. Machozi yanamtoka na anaitikia. Wari wakamfuata, mkeka mpya na mkeka mkuukuu, pumzi moja, koo moja, kama ulivyowafundisha. Nikatoa ubeti wa pili. Wa tatu nikampa Maimuna kwa jicho, akaupokea akawaendea Kibokoni nao mpaka mtungaji wao akavua ushanga wake akamvisha.

Sina haja ya kukueleza furaha. Nilikuwa nikiwaita mabinti wa masharifu nao wananiitika, na nilichokitaka saa ile ni wewe uwe hai. Uwe juu ya ngazi, ushuke kwa haraka yako ile, uje na kijiti chako, nami nikudake mkono. Nikudake tu, nikuulize: kwa nini? Ulinisikia siku ya mchuzi wa papa. Ulijua ninaweza. Usingenichapa kama hukujua. Umekwenda zako bila ya kunijibu, na hilo ndilo sikusamehe, kuliko kijiti.

Shamsa alinipa pembe yako baada ya wageni kuondoka. Nimempa Maimuna. Shamsa naye huja kuketi na wari alasiri, kwenye mkeka wowote, ajifunze kina. Hatajua kamwe, lakini anakuja. Na wanaita mpaka majirani wananung'unika.

Naahidi haya, na shahidi ni karatasi hii: hakuna mwari atakayetoka mikononi mwangu akiwa anajua kuitika bila ya kujua kuita. Si wa ukumbini wala wa jikoni. Dua nakuombea kila Ijumaa, usihofu, dua ni haki yako. Msamaha ni mali yangu, nitautoa nikitaka. Kwaheri.

Mara moja tu, kabla sijaikunja, nakuita kama ulivyoniita mimi maisha yako yote, bila ya Bi, bila ya salamu.

Rukia!

Itika.