Kifuniko cha Bakshishi

Changamwe

Bakari, rafiki yangu wa kambini,

Najua huko uliko umeshawapanga malaika mstari ukiwauliza nani hajachota maji, Mungu anisamehe. Sisi huku tu wazima. Vita vimekwisha, wageni wa kuwinda wanakuja tena, na lori letu bado linazimika kila mlima. Unyapara wako wamenipa mimi, mpishi. Usicheke.

Safari ya kwanza bila wewe, bwana mgeni alimpenyezea dereva bakshishi mkononi, akaondoka. Chengo, aliyeosha vyombo safari nzima nyuma ya hema ambako mgeni hafiki, akarudi kwao Kisauni mikono mitupu. Nyumba yake haina paa la maana na mvua ziko karibu. Hakumlaumu mtu, na hilo ndilo lililoniuma.

Basi safari iliyofuata nikaapa kurudisha desturi yako: bakshishi itolewe mbele ya wote, iingie kwenye kifuniko cha sufuria kubwa, igawanywe. Asubuhi ya kuvunja kambi nikakisugua kifuniko mpaka kikang'aa, nikakiweka mezani wageni wakinywa chai, nikasimama kama askari. Bwana akakitazama. Memsahibu akakitazama. Kisha bwana akatia maganda ya mayai, na memsahibu akaongeza la ndizi. Wallahi, Bakari, walidhani ni cha taka! Nikasikia dereva anabana kicheko nyuma yangu.

Ndipo nikakumbuka ulivyokuwa ukisema: "Kwanza wajue watu, kifuniko baadaye." Mimi nilianzia mwisho! Miaka yote nilikuwa jikoni nikichemsha ile chai ya kuagana, nawasikia mnazunguka kambi, nikidhani unawatembeza tu wageni.

Nikamwaga maganda, nikasema, "Tafadhali bwana, njoo." Kiswahili chake ni cha kuombea maji tu, lakini alikuja, na mkewe nyuma. Nikawapitisha kwa kila mtu, mikono ikisaidia maneno: huyu kafua mashati yako, huyu kachota maji uliyooga, huyu kakesha na moto wewe umelala. Chengo alikuwa na povu mpaka viwikoni, akataka kuficha mikono. Memsahibu akamshika mkono hivyo hivyo, akamwuliza jina, akalirudia mpaka akalipatia.

Nikadhani tumemaliza. Chengo, yule asiyesema, akaonyesha nafasi tupu kando yake. "Na hapa ni pa Bwana Bakari, mnyapara wetu. Amefariki," akaelekeza kidole juu. Bwana akavua kofia. Akautafuta mkono wa kushika, akakosa, akaushika wangu. Nililia mbele ya wageni, mimi mnyapara mzima. Nimekukosa sana, ndugu yangu.

Kifuniko kilijaa. Tukagawana kama ulivyokuwa ukigawa, na fungu moja likabaki; hakuna aliyeuliza ni la nani. Nikavuka feri mpaka Likoni, nikamkabidhi Bi Zuhura wako. Akacheka mpaka ushungi ukamteleza: "Huyu mume wangu, hata kufa hajaacha kazi!" Kisha akafuta macho, akanipa salamu zako nizilete. Ndizo hizi.

Chengo anaezeka makuti mapya, na anaimba vibaya kama zamani.

Pumzika kwa amani, Bakari. Kila tutakapovunja kambi nitawapanga watu kwanza, na kando ya Chengo nitaacha nafasi yako. Usichelewe.

Wako wa jikoni,
Salimu