Vidole vya Kaari Chini ya Maji

Jumatano, 9 Aprili 2025

Nisamehe, daftari. Nimekuacha chini ya godoro tangu Januari. Si kwamba hakukuwa na la kuandika — ni uchovu tu. Nikikaa, nalala. Juzi nililala nimeshika kijiko.

Basi nianze. Bado niko hapa Skuta, dobi kwa gesti ya tajiri wangu Tejas. Bado nalala na mwanangu Kaari kwa kale kachumba nyuma ya tangi. Ametimiza miaka minne. Miguu bado haimbebi, lakini ndani ya maji — ndani ya maji inambeba! Wamucii, yule wa mazoezi ya viungo, huja kila Alhamisi saa nane, tunamwingiza kwa bwawa la gesti, upande wa watoto, maji yanamfika kifuani. Tejas alikubali, mradi hakuna wageni. Sharti la Wamucii ni moja: asipoona vidole vya miguu ya Kaari chini ya maji, Kaari haingii. Ati lazima aone vile anakanyaga.

Na bwawa sasa ni kazi yangu. Mzee Mwai, aliyekuwa akilifagia kwa ule ufagio mrefu, alirudi kwao Kutus mwezi wa pili, Tejas alipoleta roboti kutoka Nairobi. Ni kama sufuria iliyogeuzwa, na magurudumu, na waya mrefu wa buluu. Unaitumbukiza, inatembea chini yenyewe, inapanda hadi ukutani, inameza majani ya miti ya grevilia na mchanga. Ndani ina filta mbili: moja ya majani, nyingine laini kama shela ya bibi harusi, ya vumbi. Tejas alinionyesha mara moja tu, haraka haraka, simu ikiwa kwa sikio. Kaari anaiita Kobe. Huiambia, "Kobe, kula vizuri."

Alhamisi, 10 Aprili

Hatua tatu! Tatu!

Wamucii alimwachilia mikono, akarudi nyuma. "Umeona, Mama Kaari? Hakuna mtu amemshika." Nimelia ndani ya taulo za wageni, ikabidi nizifue tena. Wamucii akaniambia tusiruke hata wiki moja. Misuli ya Kaari ni kama mbuzi, ukilegeza kamba kidogo inarudi ilikotoka.

Jumapili, 13 Aprili

Theuri, meneja wetu, aliwaahidi watu wa kanisa lake bwawa la kubatizia, kwa sababu mto umefura. Watu thelathini na mmoja. Mvua tangu alfajiri, njia yote ni tope jekundu. Nikasimama langoni na beseni: tafadhali, nawa miguu kwanza. Mama mmoja akanijibu, "Wacha we! Tumekuja kuoshwa dhambi, na wewe unataka tuoge ndio tuoshwe?" Wakacheka wote. Hata mimi nikacheka. Wakapita. Kanzu nyeupe juu, nyekundu kuanzia magotini.

Waliimba vizuri, siwezi kusema uongo. Cucu mmoja, bibi kizee kabisa, alitoka majini akicheka kama msichana.

Lakini maji sasa! Chai ya maziwa.

Jumatatu, 14 Aprili

Kobe amefanya kazi tangu asubuhi. Nimemtoa mara tano, filta laini imejaa tope, naimwagia maji, namrudisha. Mara ya sita tope likakataa kutoka. Nikafanya vile najua: sabuni ya unga, brashi, nikasuuza kwa maji matatu. Ikatoka nyeupe pe!

Sasa mimi ni dobi, siwezi kurudisha kitu kibichi. Kitu kibichi hunuka. Na mvua ikikaa hivi hapa kwetu, kila kitu hukaukia juu ya jiko — soksi za Kaari, shati la Theuri, hata foronya. Nikaitundika kwa kamba, kati ya soksi na leso. Nikaenda kutandika vitanda vya wageni.

Jumanne, 15 Aprili

Niliharibu. Jana sikuweza kuandika yaliyofuata.

Filta haikuungua. Ilijikunja. Upande mmoja umeyeyuka, kuna shimo la kuingia vidole viwili. Nilisimama hapo kwa jiko nimeishika kama kuku aliyekufa. Kitu cha kutumika ndani ya maji, mimi nilikuwa nakausha ya nini?

Nikairudisha hivyo hivyo, nikiomba. Kobe akashuka vizuri, akaanza kutembea, na nyuma yake moshi. Moshi mwekundu. Anakula mbele, anatapika nyuma. Kaari akauliza, "Mama, Kobe mgonjwa?"

Theuri naye akauliza. Nikasema sijui, labda imechoka yenyewe. Akanitazama. "Mashine imechoka, Mama Kaari? Na mimi nifanye nini, niipe likizo?" Akampigia Tejas hapo hapo. Tejas amesema fundi atakuja baada ya Pasaka. Na kama maji hayatakuwa safi kufikia Jumamosi asubuhi, wageni wa Pasaka wasione tope: yamwagwe, bwawa lifunikwe turubai.

Nikamuuliza Theuri, mpaka lini?

"Mpaka Desemba. Mfereji wenyewe unafunguliwa siku mbili kwa wiki. Tutajaza na mate?"

Desemba. Nilihesabu Alhamisi kwa kalenda ya ukutani, nikaacha.

Jumatano, 16 Aprili

Nimeshona kiraka kwa lile shimo. Stokingi yangu, ile niliyovaa siku Kaari alipopelekwa kanisani mara ya kwanza. Mishono midogo midogo. Kwa dakika kumi maji nyuma ya Kobe yalikuwa safi, nikamwita Kaari aone! Halafu — krrr. Stokingi ilivutwa ndani, ikajizungusha kwa ile feni ndogo. Nimeikata na makasi. Bawa moja la feni limekatika. Sasa taa nyekundu tu.

Nimempigia Mzee Mwai. Kwanza alicheka mpaka akakohoa. "Si mlisema hiyo haiombi likizo wala haikohoi? Iambie ishike ufagio." Sikucheka naye. Nadhani alisikia nikipumua, kwa sababu akauliza mtoto yuko aje. Nikamwambia hatua tatu.

Akaniambia nishike kalamu. Kisha akanipa dawa: zima pampu, nyunyiza shabu jioni, asubuhi tope lote litakuwa limelala chini kama mtoto. Lakini likishalala lazima linyonywe polepole, ukilivuruga umerudi mwanzo. La kulinyonya ni Kobe mzima, au ule mpira mrefu wa Mzee mwenyewe, ambao sasa unamwagilia nyanya kule Kutus.

Mzee, si unitumie huo mpira?

"Wewe nitakutumia hata figo, Gatwiri. Lakini hilo bwawa si lako. Tejas anipigie mwenyewe. Nilitoka hapo bila mtu kuniambia hata kwaheri."

Maduka yote ya Skuta nimezunguka na mvua. Nimepata shabu ya kinyozi, kipande kama kidole.

Alhamisi, 17 Aprili

Wamucii amekuja saa nane kamili. Kaari alikuwa ameshavaa nguo ya kuogelea tangu saa tatu, amekataa kuivua. Wamucii alipiga magoti, akashika mguu wake, akauteremsha ndani ya maji. Ukapotea kwa kifundo. Kama umekatwa.

"Siwezi, Mama Kaari. Sikatai. Siwezi."

Kaari alilia. Aliniuma bega. Nikamwambia hapana ni hapana, na sikulegeza sauti, kwa sababu nikilegeza ndio tungelia wote. Baadaye akajaribu kusimama nje, kwa saruji, ameshika ukingo. Nusu hatua. Akaanguka na mkono. Hakulia hata — alinitazama tu, kama mimi ndiye niliyeondoa maji.

Na ni mimi.

Sasa amelala. Theuri yuko kule nyuma ya tangi na spana na chupa ya mafuta, anailainisha vali ya kumwagia maji, ati isije ikamsumbua Jumamosi. Nasikia chuma kwa chuma. Gari la mwisho la vifurushi linatoka Nairobi, aliko Tejas, saa kumi na moja, na kesho ni Ijumaa Kuu, hakuna lingine. Saa hii ni tisa na nusu. Nikiomba filta, Tejas atauliza ile nyingine ilienda wapi. Wacha niandike hapa kwanza, ndio nisikosee kwa simu.

Tejas, habari ya mchana. Ni Gatwiri, dobi. Roboti haikuchoka. Niliitundika filta juu ya jiko ikayeyuka, na Theuri nilimdanganya. Tutaongea hayo, hata kama ni ya kuniondoa. Lakini naomba hivi vitu vitumwe leo:

Filta laini moja, ile nyeupe ya vumbi, si ya majani. Nambari ya ukingoni imeyeyuka, naona 7 na 0 tu.

Feni ndogo ya ndani, ya mabawa matatu. Na skrubu yake, niliipoteza kwa nyasi.

Shabu kilo mbili. Ya kusagwa, isiwe mawe.

Mpira wa Mzee Mwai. Huo hautoki Nairobi, unatoka Kutus, kwa simu yako moja. Umsalimie kwanza. Usianze na mpira.

Na neno kwa Theuri, liandikwe, asiguse vali bado. Kama ni lazima apunguze maji, basi yabaki ya kumfika kifuani mtoto wa miaka minne. Nimempima Kaari akilala, kisiginoni hadi kifuani. Sentimita sitini na nane.