Mdomo wa Chungu

Truphena, nimetoka kwa Mwalimu Obunga saa hii. Wacha nikae kwanza.

Ule mchoro wangu wa chungu, wa mtihani wa 1994, ule alioniangusha nao, bado anao.

Unakumbuka alivyosema? "Dorine, wenzako wamechora mdomo mwembamba kama jicho. Wako ni duara kama sahani. Huna macho ya mchoraji."

Leo ananiuliza, "Siku ile ulikaa wapi?"

"Sikukaa, mwalimu. Stuli ziliisha, nikachora nimesimama."

Akasema, "Basi uliona sawa, nyathina, mwanangu. Aliyesimama huuona mdomo wa chungu kutoka juu, duara. Mimi sikuuliza."

Eti "sikuuliza," Truphe. Na mimi niliacha kuchora, nikauza omena, dagaa wa ziwani, huko Kendu Bay miaka yote hii.

Nikataka kumtania kuhusu macho. Kumbe yeye haoni tena. Mchoro wangu alikuwa ameushika kichwa chini.