Barua Niliyoiandika Mimi, Akaisoma Nuria

Kijijini Iyula,
Mbozi, Songwe.
25 Agosti 2024

Mpendwa Mama mdogo Marta,

Shikamoo. Hujambo huko Morogoro? Kifua chako kimetulia, au bado unakohoa kama ulivyokuwa ukikohoa Pasaka? Mama ananiambia nikuulize kama kiwandani wamewapa vile vitambaa vya kufunga puani mlivyovidai, au bado mnameza vumbi la pamba. Na mwanao Brayan anasimama sasa? Picha yake tumeiweka kwenye kioo cha kabati, na kila mgeni analazimishwa kuitazama.

Sisi hapa ni wazima. Baba hajambo, goti la mama linauma asubuhi kwa sababu ya baridi, lakini likipata jua linakubali kutembea. Kahawa mwaka huu imeiva yote kwa mara moja, kama imepewa amri. Tangu wiki iliyopita nachuma na vidole vyangu vimekuwa vyeusi. Najua sasa unajiuliza nachumaje kahawa Agosti wakati shule hazijafungwa. Hilo ndilo nililokaa chini kukuandikia, na nimeliandika kwa kalamu kwa sababu simu ya baba inasomwa na nyumba nzima.

Nimesimamishwa masomo kwa mwezi mmoja. Usishtuke kwanza, nitakuambia yote.

Unakumbuka vile vijitabu vya zamani vya ujamaa ulivyonipa, vilivyoliwa na mchwa pembeni? Mwaka jana nilipoingia kidato cha tano nilivipeleka shuleni, na mimi na wenzangu sita tukaanza kukutana kila Alhamisi nyuma ya maktaba. Tulijiita Kundi la Alhamisi. Tulisoma kwa sauti, tukabishana juu ya nani anavuja jasho na nani anakula. Mwenyekiti alikuwa Danford, kijana wa kutoka Chitete, na mimi nilikuwa katibu. Mama mdogo, sijawahi kufurahi shuleni kama miezi ile mitatu ya mwanzo.

Halafu akaja Nuria.

Nuria ni mtoto wa Tunduma. Baba yake, mzee Masudi, ana malori manne yanayokwenda Zambia mpaka Kongo. Watu wao asili ni Tanga, kwa hiyo Kiswahili kinamtoka kama maji, hata akikosea mtu anadhani ndiyo sahihi. Siku ya kwanza tu alisimama akasema baba yake ni mnyonyaji, kwamba utingo wake wanalala chini ya lori wiki nzima wakisubiri kuvuka mpaka. Wote wakabaki midomo wazi. Hata dhambi ya baba yake ilikuwa mtaji kwake! Mimi baba yangu hana mtu wa kumnyonya. Ana ekari moja na nusu ya kahawa na mke mwenye goti bovu.

Baada ya hapo hakuna aliyesema Kundi la Alhamisi bila kusema Nuria. Wakaanza kumwita Komredi. Aliyevileta vile vijitabu hakuna aliyemkumbuka. Nilianza kumtazama namna anavyokunja mikono ya sweta, namna anavyogawa sabuni yake bwenini bila kuangalia imebaki kiasi gani, na kila nilichokitazama kiliniuma. Nilikuwa nikijiambia anajionyesha. Lakini niliwahi kumkuta peke yake jikoni akichambua maharage pamoja na wapishi, na hapakuwa na mtu wa kumwonyesha.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Unamfahamu Roda, yule mama wa huku kwetu ng'ambo ya kijito, aliyekuwa akiimba sauti ya pili pamoja na wewe kanisani. Amepika shuleni kwetu miaka kumi na mmoja, na miaka yote hiyo ni kibarua, hana hata karatasi moja yenye jina lake. Mwezi wa saba katikati jiko la matofali lilibomoka upande, sufuria la maharage likamwagika, likamuunguza mguu kuanzia goti kushuka. Alikuwa ameshasema mara mbili kwamba jiko lile lina ufa. Walimpeleka nyumbani kwa pikipiki. Siku ya tatu mama mwingine alikuwa amesimama mahali pake, akikoroga uji.

Kundi likaamua tuandike barua kwa mkuu wa shule. Niliiandika mimi. Jumapili nzima niliiandika, nikafuta, nikaandika tena, kwa herufi kubwa ili mwandiko usijulikane. Tulidai Roda atibiwe, arudishwe kazini, na wapishi wote wapewe mikataba. Nilipowasomea wenzangu, Danford akasema, "Tuse, hii ni kali. Sijawahi kusikia kitu kama hiki." Nilitamani alirudie neno hilo.

Kisha akasema, "Lakini mstarini asome Nuria. Wewe lafudhi yako ya Kinyiha, watu watacheka kabla hawajasikia."

Nuria akasema, "Aliyeandika ndiye asome." Wakamkatalia, wakapiga kura. Nilinyoosha mkono wangu pamoja na wengine, kumchagua yeye, ili nisionekane nina kinyongo.

Jumatatu mstarini aliisoma. Niseme ukweli, aliisoma vizuri kuliko nilivyoiandika. Alipofika mahali niliposema kwamba mkono uliotulisha miaka kumi na mmoja hauwezi kutupwa kama kijiko kilichovunjika, wasichana wa kidato cha pili walilia. Yalikuwa maneno yangu, na walikuwa wakimlilia yeye. Mchana ule shule nzima iligoma kula. Ugali ulibaki kwenye masufuria ukakauka. Nuria alisema kidato cha kwanza wale, maana ni wadogo, na hilo pia watu wakalisifu.

Jumanne mwalimu wa nidhamu, Mwalimu Kefa, aliniita ofisini. Barua ilikuwa mezani.

"Tusekile, wewe ni mtoto wa mzee Osea, mzee wa kanisa. Nakuuliza mara moja. Hii nani kaandika?"

Mama mdogo, tangu siku ya kura nilikuwa nikitamani mtu aniulize swali hilo.

"Nuria," nilisema.

"Una hakika?"

"Ndiyo, mwalimu. Yeye ndiye aliyesoma, na yeye ndiye aliyeandika."

Ningeweza kukuambia niliogopa fimbo. Kweli niliogopa. Lakini hofu ingesema sijui. Aliyesema Nuria ni wivu, nilimsikia akisema kwa sauti yangu.

Walimwita Nuria wakamuuliza. Hakubisha hata kidogo, akasema ni yeye. Jumatano walimsimamisha masomo mpaka bodi ikae. Alipokuwa akifungiwa sanduku lake kwenye bodaboda, shule nzima ilitoka madarasani ikamwimbia mpaka getini, walimu wakashindwa kuizuia. Mimi nilisimama dirishani. Nilikuwa nimemfukuzisha kwa uongo, na bado nilimwonea wivu, kwa namna alivyofukuzwa.

Alhamisi Danford aliniambia nikae mahali pa Nuria, niongoze mjadala. Nilikaa. Saa nzima tulizungumza habari za Nuria.

Jumapili niliruhusiwa kuja nyumbani, nikaenda kumwona Roda. Alikuwa kitandani, mguu umefungwa kwa kitenge, na chumba kinanuka kidonda. Aliniambia, "Yule mwenzako wa Tunduma alipita hapa siku anaondoka. Aliacha dawa. Nikamwambia Mungu akubariki kwa maneno yale mazuri uliyoyasema. Akaniambia, mama, yale maneno aliyaandika binti wa kwenu, mimi nilikuwa mdomo tu. Sasa mwanangu, ni nani huyo? Ni wewe?"

Nilimwambia naomba maji ya kunywa. Nilitoka nje nikakaa nyuma ya nyumba muda mrefu.

Jumamosi iliyofuata niliomba ruhusa ya kwenda kununua mahitaji, nikapanda basi mpaka Tunduma. Foleni ya malori ilianza mbali kabla ya mji. Kwao nilipokewa na mama yake, bi Fatu, aliyenikaribisha kwa chai na maandazi kama mgeni wa heshima, maana hakujua nilichomfanyia mwanawe. Nuria alikuwa uani anaanika nguo. Aliponiona hakuacha kuanika.

"Nimekuja kuomba msamaha," nilisema.

"Wa nini?"

"Mimi ndiye niliyekutaja kwa Mwalimu Kefa."

"Najua. Kefa aliniambia mwenyewe, alitaka nikasirike nikutaje na wewe."

"Na kwa nini hukunitaja?"

Aligeuka. Macho yake yalikuwa mekundu, wala hayakuwa na ile huruma niliyoizoea. "Usidhani ni kwa sababu nakupenda, Tusekile. Nilikaa siku mbili nakuchukia. Lakini tungefukuzwa wawili, Roda angeandikiwa na nani? Danford? Danford hawezi kuandika hata kadi ya pole." Akabana shati la mwisho kwenye kamba. "Nilikukosea nini?"

"Hukunikosea kitu. Nilikuwa nakuonea wivu."

"Basi mimi usiniombe msamaha. Bodi inakaa Jumanne. Kaseme huko."

Hakunisindikiza. Kwenye basi la kurudi nililia mpaka Vwawa, na mama mmoja aliyekaa pembeni yangu akadhani nimefiwa.

Jumanne nilibisha hodi kwenye chumba cha bodi bila kuitwa. Nilisema barua nimeandika mimi, na Nuria nilimsingizia. Mjumbe mmoja alitabasamu aliposikia lafudhi yangu, nikaendelea. Mwenyekiti wa bodi aliniuliza kama najutia kuiandika. Nikamjibu najutia kumsingizia mwenzangu, lakini barua siijutii, na nikamwomba mkuu wa shule aende akautazame mguu wa Roda kabla ya kunihukumu. Sijui nilipata wapi mdomo ule.

Haya ndiyo matokeo. Nuria amerudi darasani. Mimi nimepata mwezi mmoja. Roda amepelekwa kituo cha afya na shule ndiyo inayomtibu, jiko limejengwa upya, na wapishi wameahidiwa mikataba mwezi wa kumi. Ahadi bado ni ahadi, kwa hiyo kundi halijalala. Danford hazungumzi nami. Wengine wananisalimia kwa mbali.

Lakini kuna kitu kibaya zaidi, Mama mdogo, na ndicho kinachonikosesha raha. Hapa kijijini hawakupata habari yote. Walisikia tu kwamba binti wa Osea amefukuzwa kwa kumtetea Roda. Jumapili iliyopita waliniombea kanisani, watu wamesimama. Kinamama wananiletea ndizi. Baba, aliyekuwa amenuna siku mbili kwamba alinipeleka shule kusoma na si kugoma, sasa anawaambia wageni barua ile aliiandika mwanawe. Kila sifa niliyomwonea Nuria wivu sasa ninayo mikononi, na sijui niiweke wapi.

Kwa hiyo jana nilikwenda kwa Roda nikamweleza yote, tangu kura mpaka ofisi ya Kefa. Alikuwa amekaa nje juani, mguu juu ya kigoda. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatisha. Nilingoja anifukuze au anisamehe, lolote.

Akauliza, "Na yule mtoto wa Tunduma, atakuja lini tena?"

Ndivyo alivyosema. Nimemaliza kutoa moyo wangu wote nje, naye anaulizia Nuria. Na wivu ukanichoma tena pale pale, kama haujawahi kuondoka.

Nikamwambia, "Jumamosi ijayo wanafunzi wanatoka. Hii njia ya kijitoni haijui vizuri. Nitakwenda kumsubiri barabarani, nimlete mwenyewe."

Leo jioni nitamwambia baba ukweli, kabla hajapata mgeni mwingine wa kumsimulia. Naomba umwandikie nawe maneno mawili, maana wewe anakusikiliza hata akiwa amekasirika. Na mimi niandikie, uniambie kama kule kiwandani, mlipokuwa mnadai haki zenu, kulikuwa na mtu uliyemwonea wivu, na ulimfanyaje. Usinifiche.

Mama anakusalimu sana, na anasema unga wa ulezi utakuja na jirani yetu Joshua akisafiri mwezi ujao. Bibi anakusalimu, anauliza kama Brayan amepewa jina la ukoo. Mdogo wangu Luka anaomba mpira. Msalimie baba mdogo na majirani zako wote wa kiwandani, hasa wale mlioshikana nao mikono wakati wa mgomo. Mungu akulindie kifua chako, akupe usingizi mzuri na kazi isiyokuumiza.

Ni mimi mwanao nikupendaye, hata nikiwa sina la kujivunia,

Tusekile Osea