Bastola ya Sam na Mlango wa Dada Yake

Houston, 11 Februari 2024

Dada Nyaboke mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye joto. Mimi ni mzima, ila goti bado linanikumbusha mpira wa Nakuru. Wewe hujambo? Elkana shemeji yangu hajambo, na mpwa wangu Kemunto? Baridi ya Toronto imewaachia vidole?

Naandika kwa sababu kwa simu tungegombana kabla sijamaliza sentensi ya kwanza. Kaa chini. Umekaa? Nimenunua bastola.

Usipige kelele, majirani watasikia. Ni halali kabisa. Nimekaa darasani, nimefanya mtihani, nimelenga shabaha mbele ya mwalimu, nimechukuliwa alama za vidole, na leseni imekuja kwa posta. Naibeba kiunoni, chini ya shati, na hakuna anayeiona. Hapa Texas sheria ingeniruhusu hata bila leseni, lakini mimi ni mtoto wa mwalimu. Siwezi kubeba kitu ambacho sijakifanyia mtihani.

Sababu unaijua. Wale watu wawili walioingia dukani Agosti wakanilaza kifudifudi kando ya friji za soda, mmoja akaniwekea kiatu shingoni. Nilikaa pale sakafuni nikiwaza ni nani atakupigia simu. Tangu siku ile, kengele ya mlango wa duka ikilia, nilikuwa naangusha nilichoshika. Sasa ikilia, naendelea kuhesabu chenji. Nimeanza kulala usingizi wa mtu mzima.

Nilitaka uyasikie kwangu kabla hayajakufikia kwa njia za ukoo.

Mdogo wako,
Sam


Flemingdon Park, Toronto, 25 Februari 2024

Sam mdogo wangu,

Sisi hatujambo, Mungu anatutunza. Vidole tunavyo, ila havifanyi kazi mpaka Aprili. Barua yako nilikaa kuisoma kama ulivyoagiza. Nilikaa kwenye basi, na basi likanipitisha kituo changu, nikafika Eglinton nikiwa nimeshika kichwa.

Sam. Wewe ndiye uliyepoteza simu tatu mwaka mmoja. Wewe ndiye uliyejifungia nje ya gari lako huku injini inanguruma. Kwenye harusi yangu ulijikata kwa kufungua mkebe wa dagaa, ukashonwa nyuzi nne, na picha zote una bandeji. Mtu kama huyo ndiye amepewa bastola na leseni juu yake?

Hicho kiatu cha shingoni nakijua. Siku ulipokisimulia nililia, na bado kinaniuma. Lakini kabla sijaanza kazi kwenye hii nyumba ya kutunzia wazee nilifanya kazi hospitalini, na nimeosha vidonda vya risasi. Hakuna kidonda hata kimoja kilichoniambia nani alikuwa na haki.

Huku kwetu mtu wa kawaida hatembei na bastola hata alie machozi ya damu. Elkana anasema nikuulize: ukienda msalani unaiweka wapi? Anauliza kwa dhati. Ameshindwa kulala.

Dada yako,
Nyaboke


Houston, 20 Aprili 2024

Dada mpendwa,

Hamjambo nyote? Mimi sijambo, nimepungua kilo mbili, utaona kwa nini.

Mwambie Elkana swali lake ndilo la kwanza tulilomuuliza mwalimu wetu, Shakeel, polisi mstaafu. Jibu ni refu na lina aibu. Kwa kifupi, msala umekuwa kazi ya mikono miwili na sala moja.

Hakuna aliyeniambia jambo hili ni utumwa kiasi hiki. Kanisani wamebandika tangazo: silaha hapana. Hospitalini: hapana. Baa ndiyo usiseme. Kwa hiyo kila niendapo nasoma milango kama mkaguzi wa serikali. Suruali zote nimeongeza saizi moja, kisha nikaanza kufanya mazoezi ili mkanda usinichome tumbo. Harusi ya Menino, Mgoa wetu wa Mombasa anayefanya kazi nami dukani, sikucheza hata wimbo mmoja. Bibi harusi akaja kunivuta, nikamwambia goti. Mama yake akanikumbatia, nikampa ubavu mmoja kama mlango uliokwama.

Lakini sikiliza hili, kwa sababu najua unacheka. Shakeel alituambia, "Siku unapoibeba, umeiacha haki yako ya kukasirika." Na kweli, dada. Mtu ananikata njiani kwa gari, namwachia. Mtu ananitukana dukani, namwomba radhi. Juzi mwanamke alinipiga na gunia la mkaa wa nyama choma kwa sababu nilisema kuponi yake imepitwa na muda, nikamshukuru. Mimi ndiye mtu mpole kuliko wote Houston. Risasi haina samahani, alisema Shakeel, ndiyo maana samahani inabidi uitoe mapema.

Niambie kama mtu wa namna hii ni hatari.

Mdogo wako mpole,
Sam


Toronto, 9 Juni 2024

Sam,

Natumaini uko salama na suruali inakaa. Sisi tuko salama, na neno hilo leo naliandika polepole.

Jumanne ya wiki iliyopita, saa kumi jioni, jua likiwaka, mtu alipigwa risasi kwenye kituo cha basi chini ya jengo letu. Hakufa, Mungu ashukuriwe. Kemunto alikuwa ameshuka hapo kwa basi lililotangulia. Basi moja tu, Sam. Alinitumia picha ya utepe wa polisi akiwa dirishani kwetu ghorofa ya kumi na nne, kana kwamba ni picha ya theluji.

Aliyepiga hakuruhusiwa kuwa na bastola, na alikuwa nayo. Hiyo ni hoja yako. Ichukue, nimekupa bure. Kwa wiki nzima nimempeleka msichana wa miaka kumi na tisa kituoni nikimshika mkono, na yeye akijifanya hanijui. Na usinikejeli, lakini asubuhi moja nilitamani ungekuwa umesimama pale nyuma yetu na hilo shati lako refu.

Halafu nikawaza: angesimama nani tena? Kila kaka wa kila dada? Tukiwa ishirini kituoni, na gari likipiga mlio wa ekzosi?

Njoo Oktoba. Huku sikukuu ya Shukrani huja mapema kuliko huko kwenu, na mimi nimechoka kukuona kwenye kioo cha simu. Njoo wiki mbili, bila kitu chako. Nitakupikia managu, zile mboga za kienyeji za kwetu, mpaka uombe msamaha.

Dada yako,
Nyaboke


Toronto, 28 Oktoba 2024

Sam wetu,

Umefika salama? Umekula? Nyumba imepoa tangu uondoke, hata Elkana ameanza kuongea ili kujaza nafasi.

Nikuambie unavyosimuliwa huku. Jumapili baada ya ibada Elkana aliwakusanya wanaume karibu na birika la chai akawapa habari ya uwanja wa ndege. Jinsi tulivyokusubiri kwa muda wa saa tatu na maua yakainama. Jinsi ulivyotoka mwishowe umevuliwa mkanda, umeshika suruali kwa mikono. Anaigiza sauti yako: "Bastola niliiacha nyumbani, ofisa, ila ala yake niliivaa." Kisha anaigiza yule ofisa: "Sasa ala tupu ya nini?" Kisha wewe: "Kiuno kinahisi baridi." Mama Kwamboka, aliyekuwa akigawa chai, aliimwaga. "Ala!" alisema kwa mshangao, na watu wakaangua kicheko wakimjibu, "Ndiyo, mama, ala yenyewe!"

Lakini kiboko ni Kemunto. Ile Alhamisi yenu ameifanya mchezo wa kuigiza, anaurudia kwa kila mgeni. Anaanza kwa kueleza kuwa mhadhara uliahirishwa akarudi mapema, ufunguo ukakwama, akausukuma mlango kwa bega. Ndipo mjomba anaruka kutoka jikoni na mwiko wa ugali, macho kama taa za gari, "Simama hapo!", na ugali unadondoka kwenye kiatu. Na yeye: "Mjomba, nisalimie kwanza kabla hujanipika." Kwa Kiingereza inachekesha zaidi, sijui kwa nini.

Duka limetulia? Ulisema wamekuita haraka ndiyo maana ukakatisha siku mbili. Uniandikie.

Dada yako,
Nyaboke


Toronto, 15 Desemba 2024

Sam,

U hali gani? Jumbe sita nimetuma, na mara sita nimepata kidole gumba. Kidole si barua. Niliongea na Menino akasema u mzima na unafanya kazi, basi sijapanda ndege.

Kama nimekukosea kwa zile hadithi za kanisani, sema. Elkana yuko tayari kunyamaza, ni kipaji chake.

Dada yako,
Nyaboke


Houston, 12 Januari 2025

Dada mpendwa,

Heri ya mwaka mpya, kwako na kwa Elkana na kwa Kemunto. Mwili wangu ni mzima. Nisamehe kwa kimya. Barua hii nimeianza mara nyingi, na kila nikifika kwenye salamu nasimama.

Hukunikosea, wala duka halikuniita. Niliwadanganya.

Muulize Kemunto mwiko nilikuwa nimeushika kwa mkono upi. Ulikuwa mkono wa kushoto, dada, na mimi si mashoto. Nilikuwa nasonga kwa mkono wa kulia kama mtu yeyote. Nikasikia kitasa kinatikiswa, kisha bega linagonga mlango, na nikahamisha mwiko bila kujua. Mlango ulipofunguka, mkono wa kulia ulikuwa umeshashuka kiunoni, umeshainua shati, umeshafungua vidole. Haukukuta kitu. Mlikuwa mmenikatalia kuvaa hata ile ala.

Shakeel alitufundisha turudie kitendo hicho mara elfu, mpaka mkono usiwe na haja ya kukiuliza kichwa. Nami nilikuwa mwanafunzi mzuri. Mkono haukuuliza. Sikuona uso wala koti lake la chuo, niliona mlango unasukumwa tu. Aliposema lile neno lake la kumpika, nilicheka naye, nikafuta kiatu chake kwa kitambaa, kisha nikaenda bafuni nikafungua maji yote ili asinisikie.

Kila mnapocheka, ndicho ninachokiona. Ndiyo maana nilikuwa natuma kidole.

Niliporudi niliifungia bastola kwenye kasha la chuma. Sitakudanganya mara ya pili: nilivumilia siku mbili. Ya tatu kengele ya duka ililia, nikajikuta nimechuchumaa nyuma ya kaunta na mteja ananiuliza kama nimepoteza kitu. Nikaibeba tena. Sasa naibeba dukani tu. Nikifika nyumbani naitoa kabla sijavua viatu, naifungia, na ufunguo naupeleka kwa jirani yangu Bi. Clotilda, ambaye anadhani ni ufunguo wa kabati la biskuti, ninazokatazwa kwa sababu ya ugonjwa wa sukari.

Shakeel nilimwambia. Niliogopa atanicheka. Hakucheka, akasema mkono umefundishwa vya kutosha, sasa fundisha masikio. Amenielekeza kwa mshauri, naenda kila Jumatano, tunazungumza juu ya kile kiatu. Nilidhani bastola ingenitibu shingo.

Sijui kama nina haki ya kuendelea kuibeba, na sijui kama nina haki ya kuiacha, maana kengele inalia kila siku. Wewe ndiye mkubwa. Kemunto mwambie au usimwambie, kama utakavyoona.

Mdogo wako,
Sam


Toronto, 2 Februari 2025

Mdogo wangu Sam,

Nakusalimu kwa mikono yote miwili. Sisi wazima. Theluji imefika magotini na lifti moja imekufa, lakini tu wazima.

Nilisoma barua yako nikiwa kazini, kwenye chumba cha nguo chafu, ambako hakuna anayeniuliza kwa nini nalia. Jioni nilimuuliza Kemunto mwiko ulikuwa mkono upi. Akacheka, akasimama kuigiza, akainua mkono wa kushoto. Akauangalia. "Kwa nini, Mama?"

Nikampa barua. Si mtoto. Unajua anavyosoma Kiswahili, kidole chini ya maneno, midomo inatembea. Aliendelea vizuri, kisha akasimama, akaniuliza, "Kiunoni ni wapi?" Nikamshika hapo. Alimaliza ukurasa na mkono wangu ukiwa hapo hapo.

Na mimi nina la kukuambia. Tangu uondoke Oktoba, huyu msichana amekuwa akibisha hodi kwenye mlango wa kwao. Ana ufunguo mkononi, anabisha, anangoja, anataja jina lake, ndipo anafungua. Miezi mitatu. Mimi nikawa najivuna kwa wenzangu kwamba chuo kimemfundisha adabu. Kumbe alikuwa akicheka kwa mdomo, na mwili ulikuwa umeshaelewa. Aliniambia hakujua sababu mpaka aliposoma.

Ulitaka nikupe hukumu. Sina. Mimi silazwi kifudifudi kila kengele ikilia, na wewe hukusimama nami kituoni ile Jumanne. Ninachojua ni kwamba ungeweza kukaa na siri hii hadi kaburini na sote tungeendelea kucheka, na hukukaa nayo. Endelea na Jumatano zako. Bi. Clotilda mwambie ukweli, mtu asitunze asichokijua. Na Mei uje. Kemunto amesema nikuandikie neno kwa neno: kwamba hajakukasirikia, kwamba ulipika ugali mbichi, na kwamba safari hii atapika yeye na wewe ndiye utakayebisha.

Nilikuwa nafika hapa, nikitafuta neno la kumalizia, alipoingia. Hakubisha. Mlango umepiga ukuta, begi limeruka juu ya kochi, na amepita mpaka katikati ya zulia langu jipya na viatu vyake vya theluji akipiga kelele kwamba ana njaa. Nimemfokea mpaka jirani wa chini akagonga dari yake kwa ufagio.

Sam, sijawahi kufurahia uchafu namna hii. Acha nikapige deki.

Dada yako,
Nyaboke