Niliandika Kurasa Nne, Mwalimu Akasema Hajaniona

Mpendwa Mama Awiti,

Bwana asifiwe. Naomba msaada wako, na unisome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia, kwa sababu mimi nina miaka arobaini na minane, masomo niliachia darasa la nane, na tangu Jumamosi hata kuomba kunanishinda.

Ninamhudumia mzee mmoja huko Kitisuru, Mzee Mwau, ambaye alipatwa na kiharusi upande wa kulia akanyamaza kabisa, miezi mitano bila neno, na bintiye Kamene akaniambia, "Mama Fidel, una mkono mzuri, nenda usomee hii kazi," basi nikajiunga na kozi ya kuhudumia wagonjwa nyumbani, pale Ngara juu ya duka la mabeseni, mimi na wasichana ambao ningeweza kuwazaa. Kazi ya kwanza tukaambiwa tuandike siku moja na mgonjwa wako, ulifanya nini, uliona nini, na ungebadilisha nini.

Sasa mimi nikaandika ile siku. Asubuhi nilikuwa namlisha uji, jua limeingia kwa dirisha mpaka kitandani, ninaimba kama kawaida yangu, na mzee akainua ule mkono mzima, akaniangalia machoni, akasema, "Ngoja." Neno zima, wazi, kama mtu aliyekuwa chumba kingine na sasa amefungua mlango. Halafu akakohoa, kijiko kikaniponyoka, nikapiga magoti hapo hapo, nikalia, na hata nikikuandikia hivi nywele zinanisimama, kwani mimi ni nani, mtu wa kufua mashuka, hata Mungu afungue kinywa cha mtu mbele yangu na uji umenimwagikia kwa leso?

Kwa hivyo niliandika vile tunavyotoa ushuhuda kanisani. Bwana alituamsha, Bwana akamlisha mzee, Bwana akamgeuza ubavu, Bwana akamfungua ulimi. Kurasa nne, mwandiko safi. Mwalimu wetu, Madam Wavinya, akanirudishia, nimeanguka, na chini ameandika kwa kalamu nyekundu, "Mama, nimesoma kurasa nne sijakuona. Wewe ulikuwa wapi?"

Nikamfuata, nikamwambia, "Madam, nilikuwa hapo, lakini utukufu si wangu." Akasema, "Sijakuuliza utukufu ni wa nani. Nimekuuliza kijiko kilikuwa na nani." Na msichana mmoja, Ivyne, akasema kwa sauti, "Mathe, basi si cheti kiandikwe jina la Mungu!" Darasa lote likacheka.

Nimepewa mpaka Jumamosi ijayo nirudie, nikianguka tena ninatoka, na Kamene ameshasema familia inataka mtu mwenye cheti, kwa hivyo mzee pia nitampoteza. Lakini nikiandika "nilimlisha, nilimgeuza," naona kama ninamwibia Mungu mchana. Je, niandike mimi, mimi, mimi, ama niwaachie kozi yao?

Mama Fidel, Kitisuru

*

Mama Fidel,

Nilipofika kwa hilo neno "Ngoja" niliweka barua yako chini kwanza. Miezi mitano! Hata mimi ningepiga magoti, na sitakubali mtu aniambie kwamba Mungu hakuwa chumbani humo.

Sasa inuka tuongee.

Mtu amenyamaza miezi mitano, halafu neno la kwanza analolipata analitumia kukwambia ungoje. Alitaka ungoje nini? Soma barua yako mwenyewe. Mkono juu, "Ngoja," kisha akakohoa. Mama, ulikuwa unamlisha haraka! Unaimba, kijiko kinafuata kijiko kwa mwendo wa wimbo, na mzee wa watu bado ana uji mdomoni. Mtu wa kiharusi humeza polepole, na uji ukipita njia mbaya unaingia kwenye mapafu. Aliona hatari, akakutafutia neno. Na wewe ukaenda kulia sakafuni!

Sikulaumu kwa kulia. Ninakulaumu kwa kurasa nne. Uliulizwa ungebadilisha nini, na hukuniambia ulijibu nini. Nadhani uliandika hakuna, kwa maana Bwana hakosei. Ni kweli, hakosei. Wewe unakosea, na ulipojiondoa kwenye hadithi uliondoka na kosa lako, hata kama hukukusudia. Uliondoka pia na ule mkono mzuri anaousifu Kamene. Siku yako ya mapumziko akija mtu mwingine, akasoma "Bwana akamgeuza ubavu," afanye nini, akae asubiri? Anataka kujua saa ngapi, ubavu gani, mto unauweka wapi. Hayo unayajua wewe, na Madam Wavinya alikuwa anayatafuta.

Kwa hivyo leo, si Jumamosi, mwambie Kamene kwamba baba yake alikohoa akila, ili daktari amwangalie anavyomeza. Ukitoka hapo shika kalamu. Andika kama ulimketisha wima au hukumketisha. Andika, "Nilimlisha haraka. Aliniambia ningoje. Nimejifunza kungoja." Mungu mshukuru kwa mstari mmoja wa mwisho, na shukrani zingine zote upeleke kanisani Jumapili, huko hakuna kalamu nyekundu. Na huyo Ivyne, nimecheka pia, lakini mwambie akusomee kazi yako kabla hujaipeleka. Mdomo kama huo hautakuficha kitu.

Kuhusu kuiba, sahau. Mzee alipewa neno moja tu, na hakumwambia daktari wala mtoto wake. Alikuambia wewe. Kesho asubuhi kijiko cha kwanza kikiingia, kata wimbo, tazama koo lake mpaka ameze. Halafu cha pili.

Mama Awiti